Chumba Kinachovuta Pumzi

Kwa maelezo ya jirani, mgonjwa yupo. Haonekani, lakini yupo.

Jirani mwenyewe anakaa nyuma ya ukuta wa hospitali, na mtaa mzima unamwita Redio, kwa kuwa hangoji kuwashwa. Kamba yake ya kuanikia nguo inatazamana na jengo dogo jeupe lililo peke yake mwisho wa uwanja, lenye madirisha ya vioo yasiyofunguliwa. Anasimulia kwamba siku moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, alikuwa anaanika nguo za watoto, akamwona mhudumu wa jengo lile akitandika kitanda kisicho na mtu. Alipomaliza alizungusha chuma fulani, kitanda kikainuka upande wa kichwani taratibu, kama mtu anayeamka. Kisha mhudumu akatoa uzi mrefu mfukoni, akauteremsha kutoka kichwani mwa kitanda hadi sakafuni, huku midomo yake inacheza.

"Alikuwa anaongea, nakuapia. Mtu mzima haongei na godoro," anasema Redio, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni. "Na ule uzi? Mtu anapimwa kwa uzi akiwa ameshamaliza safari yake. Mule ndani kuna marehemu, wametuficha."

Ukimuuliza mbona hajawahi kuona jeneza likitoka, jibu analo.

"Si ndiyo maana nasema wametuficha?"

Mhudumu anayesemwa anaitwa Mama Shuka. Ni mwanamke mwembamba, wa makamo, mwenye sauti ya chini na mikono inayonukia sabuni hata siku ya mapumziko. Maneno ya Redio yamemfikia mara nyingi. Hayamkasirishi.

"Mwambieni marehemu anamsalimia," anasema.

Saa moja asubuhi, uwanja bado una ukungu, na Mama Shuka amesimama mbele ya mlango wa jengo lile. Mkononi ana kipande cha karatasi laini, ile ya chooni, amekichana kikawa chembamba kama utepe. Anapiga goti. Anakishika karibu na upenyo wa chini ya mlango, anakiacha kining'inie, anasubiri.

Karatasi inatikisika. Kisha inainama polepole kuelekea ndani na kubaki imelala hivyo, kana kwamba upande wa pili kuna mtu anayeivuta kwa pumzi.

"Kimeamka," anasema, na kunyanyuka.

Anakizungumzia chumba. Juu ya dari kuna mashine inayonyonya hewa, inaichuja, inaitoa nje kwa bomba refu. Kwa hiyo hewa ya kwenye korido huingia chumbani, ila ya chumbani hairudi kwenye korido. Ugonjwa ukishakuwa ndani, mlango hauupi nafasi ya kutoka. Mama Shuka hajui mengi kuhusu mashine yenyewe, hiyo ina fundi wake. Yeye anajua karatasi. Siku ikigoma kuinama, anamwita fundi kabla hajavua hata viatu vya kuja kazini.

Ndani kuna vitanda sita, vitatu huku na vitatu kule, vyeupe, vimenyooka. Mwanga unapita kwenye vioo na kutua juu ya mashuka kama maziwa yaliyomwagika bila mtu kuyafuta. Hakuna sauti isipokuwa ile ya mashine, ndogo, ya kuendelea, inayoweza kumfanya mtu asinzie akiwa wima.

Hakuna mgonjwa aliyewahi kulala humu.

Wafanyakazi wanaiita wodi ya tahadhari. Ilijengwa kwa ajili ya siku ambayo kila mmoja wao anaomba isifike: siku ambayo mtu mwenye nia mbaya atauchukua ugonjwa na kuuachia kwa makusudi kati ya watu, labda ndani ya bahasha, labda kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Siku hiyo haitatangazwa. Watakaoijua kwanza ni wauguzi wa mapokezi, watakapoona watu wasiofahamiana wanaingia wakiumwa kitu kimoja kisichoeleweka. Hadi maabara iseme ni nini, watu hao watalazwa hapa.

Mama Shuka alipoelezwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani akamwambia mama yake.

"Yaani mtu aache usingizi wake," alisema mama mzazi, "aamke, ajifungie chumbani, atengeneze homa? Huyo hakuzaliwa na mtu?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Basi watandikieni vizuri hao watakaoletwa. Yeye tumwachie Mungu."

Na hivyo ndivyo anavyofanya. Huvua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, akayafua, akayarudisha. Mashuka yasiyotumika nayo huchoka, anasema; yanapata vumbi, yanapata harufu ya kabati. Glavu hukauka na kukatika zikikaa sana kwenye maboksi, kwa hiyo huzivutavuta moja moja kuzijaribu. Dawa zinazokaribia mwisho wa muda wake huzipeleka wodi kubwa zikatumike, na mpya huja kukaa mahali pake. Maji ya chupa hubadilishwa. Sabuni hubadilishwa. Kila kitu humu ndani kinazeeka kikingoja, kasoro kungoja kwenyewe.

"Kazi yangu ni kumpokea mgeni ambaye sitaki aje," anasema, akivuta shuka hadi ukingo wa godoro. "Nikimaliza kutandika huwa namwambia, leo usije. Kesho pia usije. Kaa huko huko ulipo."

Hiyo ndiyo midomo ambayo Redio aliiona ikicheza.

Kuna sharti moja ambalo limeandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu, nalo ni kwamba kitanda cha wodi hii hakikaliwi. Si kwa kupumzika, si kwa kufunga kamba za viatu, si kwa mzaha. Kitanda kilichokaliwa kinahesabika kimetumika, lazima kivuliwe na kusafishwa upya. Mama Shuka anasema hajawahi kuweka hata goti. Hili Redio haliamini kabisa.

"Mimi ningeshalala zamani," anasema. "Ningeshaota na ndoto mbili."

Kwa nini mwanamke huyu anaheshimu kitanda kitupu namna hii? Jibu liko kwenye jina lake. Mama Shuka wa kwanza hakuwa yeye. Alikuwa dada yake mkubwa, mhudumu wa hospitali hii hii, miaka ile ambayo uwanja huu ulikuwa majani tu. Homa fulani iliingia mjini, haikuletwa na mtu, ilikuja yenyewe kama homa zinavyokuja. Wagonjwa wa kwanza walilazwa kwenye korido, pamoja na waliovunjika miguu na waliokuja kujifungua, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine. Dada mtu aliyakusanya mashuka yao kwa mikono mitupu, akayakumbatia kifuani, akayapeleka kufua.

Alizikwa kabla homa haijapata jina.

Mdogo mtu alipochukua kazi ile, wazee wa chumba cha kufulia walimwita Mama Shuka siku ya kwanza tu, bila kufikiri, naye akaitika. "Niliona nikikataa nitakuwa nimemzika mara ya pili," anasema. "Ndiyo maana mtu akiniambia vitanda hivi vimekaa bure, namwangalia tu. Havijakaa bure. Vinamngoja dada yangu, ndivyo ninavyoona mimi. Siku ile vingekuwepo, angelala humu, na mimi ningeitwa jina langu."

Nyumbani kwa Mama Shuka ni vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Jioni, jua likiwa limefika kwenye bati la jirani, mama yake yuko pale pale alipoachwa asubuhi: juu ya godoro, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, mikono juu ya mapaja kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Moyo wa bibi huyu umechoka. Maji hupanda kifuani akilala chali. "Nikilala nazama," ndivyo anavyosema mwenyewe, bila huruma na nafsi yake, kama anaeleza habari ya ndoo. Vidonge vinasaidia mchana. Usingizi ndio umemkimbia. Mwanaye ameshajaribu mito, ikasambaa. Amejaribu gunia la nguo kuukuu, likabonyea. Akapindua kiti cha mbao kichwa chini, akakiingiza chini ya godoro kiwe mteremko. Kiti hicho hukaa vizuri mpaka bibi asinzie. Akisinzia tu anateleza, anashtuka, anakaa wima akihema, na usingizi umeondoka.

Hospitali hawamlazi. Wodi ya wanawake wanalala wawili wawili, na daktari alisema kwa upole kwamba anachohitaji mama huyu ni dawa anayoitumia, na kulala akiwa ameinuka.

"Ameinuka kiasi gani, daktari?" Mama Shuka aliuliza.

"Kiasi cha yeye kupumua vizuri."

Basi kila jioni wana mchezo wao. Binti anakaa chini, anavua viatu, anasugua nyayo za mama yake. Mama anafumba macho.

"Umekitandika leo?"

"Nimekitandika."

"Kipi?"

"Cha dirishani."

"Shuka lina rangi gani?"

"Jeupe, mama. Yote meupe."

"Kinuse."

"Kinanukia sabuni, na jua kidogo."

"Haya, niinue."

Na Mama Shuka, mikono yake ikiwa hewani, anazungusha chuma ambacho hakipo. Anazungusha polepole. Mama anaegemeza kichwa ukutani, kidevu kinapanda, mabega yanateremka. Kwa muda mfupi ukuta ule wa saruji unalainika. Duka la vipuri limefungwa, mtoto fulani anaitwa akaoge, na bibi anapumua kama yuko juu ya kitu kinachopaa.

Kisha anafumbua jicho moja. "Usinishushe kwa pupa."

Uzi ndio sehemu ya kweli ya mchezo huo. Barabara ya pili yuko fundi wa vyuma anayetengeneza mageti. Mama Shuka alimwelezea kile kitanda, mkono wa chuma, bawaba, na yule fundi akachora na chaki sakafuni akasema kazi hii anaiweza, chuma chakavu anacho, watasaidiana kama majirani. Isipokuwa kitu kimoja.

"Niletee kimo," alimwambia. "Mkono nitauweka usimame mahali pamoja tu, ili usije ukateleza. Nikiinua mno, mama ataamka amekunjika kama wembe wa kinyozi. Nikilaza mno, dada yangu, nitakuwa nimekutengenezea balaa. Mlaze mahali, umwinue kidogo kidogo. Pale atakaposinzia mwenyewe bila kulazimishwa, pima. Funga fundo. Niletee huo uzi."

Ndiyo sababu alionekana dirishani akipima. Alikuwa anajaribu kukisia: hapa? Au hapa? Kitanda kitupu hakikumjibu. Uzi ukarudi mfukoni bila fundo.

Kila mwaka hospitali hufanya zoezi. Watu wa kujitolea hujifanya wamefungua bahasha yenye unga, na wafanyakazi huwapokea kama ingekuwa kweli. Miaka iliyopita wagonjwa wa kuigiza walikuwa makarani wa hospitali wenyewe, nao walicheka kila wakioshwa. Safari hii sista mkuu, mama mmoja mrefu asiyependa makelele, aliagiza waletwe watu wa nje. Wazee pia, alisema, kwa kuwa ugonjwa hauchagui vijana.

Habari ilipofika nyumba ya nyuma ya duka la vipuri, mama mtu aliuliza swali moja.

"Wanalazwa kitandani?"

"Wanalazwa, lakini mama, ni igizo."

"Mimi nitaigiza."

Mama Shuka hakutaka kuficha kitu. Alikwenda kwa sista mkuu akamweleza moyo wa mama yake ulivyo. Sista alifikiri, akasema aje, ataogeshwa akiwa ameketi kwenye kiti, wala hatachoshwa. Akawaagiza wauguzi wa hemani wamwangalie kwa karibu.

Mwingine aliyejitolea bila kubembelezwa ni Redio.

Siku ya zoezi, saa nne asubuhi, hema la kijani limesimama mbele ya jengo jeupe. Ardhini kuna mstari mwekundu. Upande huu wa mstari ni uchafu, upande ule ni usafi, na muuguzi wa upande huu havuki kwenda ule. Kila mgonjwa anavishwa kadi shingoni inayomwambia anaumwa nini. Watu wanasomeana kadi zao na kucheka.

"Umefungua bahasha ofisini," sista mkuu anamsomea mama mtu. "Unakohoa, una homa."

"Ofisi gani, mwanangu?"

"Tuseme posta."

"Basi niwe mkubwa wa posta. Sijawahi kuwa mkubwa."

Redio anaigeuza kadi yake mbele na nyuma. "Mbona yangu imeandikwa sina dalili, nina hofu? Nimeacha nguo zangu za kufua nyumbani nije kuwa na hofu tu?"

"Ni muhimu sana, dada," anasema sista. "Siku yenyewe, wenye hofu watakuwa wengi kuliko wagonjwa. Lazima tujue kuwapokea."

Redio anatafakari. Kisha anapiga ukelele ambao nusura umfanye fundi wa mashine, juu ya paa, aangushe spana yake.

Nyuma ya pazia wanawake wanavuliwa nguo, nguo zinaingia kwenye mifuko na kufungwa. Maji ni ya uvuguvugu. Mama mtu ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono miwili isiyo na mwenyewe, yenye glavu nene, inampitisha sabuni mgongoni, na mvuke unapanda kuzunguka kichwa chake cha mvi. Anafumba macho. Hajaogeshwa na mtu mwingine ila binti zake. Anavalishwa gauni refu, anasogezwa hadi kwenye mstari mwekundu, na hapo anakabidhiwa kwa watu wengine.

Hao wa upande wa pili ni weupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Hawana nyuso, wana vioo. Wanatembea polepole kwa sababu ya mabuti na joto, kama watu walio chini ya maji. Wanamlaza kwenye kitanda cha dirishani. Wanamlaza chali.

Hapa ndipo zoezi linapopotoka. Wale wa hemani walikuwa wameambiwa kuhusu moyo wa bibi. Hawa wa ndani hawakuambiwa. Watu wa pande mbili za mstari hawasogeleani wala kunong'onezana, ndivyo walivyofundishwa, na habari ile ilibaki upande wa hema pamoja na mifuko ya nguo.

"Kifua kinabana, bibi?" anauliza mweupe mmoja kwa sauti nzito ya nyuma ya barakoa.

"Kinabana." Bibi anahema. "Tangu mwaka juzi."

Mweupe anamgeukia daktari msimamizi, aliye nyuma ya kioo kwenye korido, na kumwinulia dole gumba. "Huyu ameielewa sehemu yake!"

"Siigizi, mwanangu. Ninazama."

"Hivyo hivyo, bibi, usiache. Unafanya vizuri sana."

Kwenye kitanda cha pili, Redio ameinuka kwa kiwiko. Anakitazama kifua cha yule mama kinavyopanda na kushuka. "Nyie," anasema. Hakuna anayemsikiliza, yeye ni mwenye hofu, kadi inasema hivyo. "Nyie! Mama wa watu haigizi!"

"Tulia dada, uko salama," mweupe mwingine anamwambia, akimpapasa bega kama alivyofundishwa.

Mmoja wa wale weupe aliyekuwa mwisho wa chumba anaweka chini ndoo yake. Haharakishi, mabuti hayaruhusu. Anafika kitanda cha dirishani na kushika mkono wa chuma miguuni pa kitanda, na kuanza kuzungusha. Kichwa cha kitanda kinapanda. Anasimama, anamtazama bibi, anazungusha tena kidogo. Kisha anainama na kulirudisha shuka lililochomoka, anaikunja kona yake mara mbili na kuisukuma chini ya godoro kwa kiganja.

Bibi anaitazama ile kona.

"Huyu ni wangu," anasema kwa sauti isiyo na nguvu. "Anakunja kama dada yake."

Ndani ya kile kioo cha usoni hakuonekani kitu ila ukungu.

"Niinue tena kidogo," anasema mama.

Chuma kinazunguka.

"Tena. Haya. Hapo. Usinishushe kwa pupa."

Mabega yanateremka. Kidevu kinapanda. Mashine ya darini inavuta pumzi yake ndefu isiyokatika, na sasa kuna nyingine humu ndani inayovuta pamoja nayo, fupi kwanza, halafu ndefu, halafu ndefu zaidi.

Filimbi inalia alasiri. Zoezi limekwisha. Wagonjwa wanaruka kutoka vitandani, wanavua kadi, wanaulizana soda ziko wapi. Daktari msimamizi anaingia akiwapongeza wote, na anapofika dirishani anainama kumtazama bibi.

Redio amesimama pembeni ya kitanda, mikono kifuani. "Amekufa?"

Sista mkuu ameshavuka mstari. Ameshika mkono wa bibi, ameweka vidole kwenye mshipa, anaangalia saa yake. Anainama asikilize kifua. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Amelala," anasema. "Amelala tu."

Kama kumwondolea Redio wasiwasi, bibi anakoroma, mkoromo mmoja mpana wa mkubwa wa posta. Mtu anacheka, anazibwa mdomo. Mmoja mmoja wanatoka, wakitembea kwa ncha za vidole, na yule muuguzi aliyeinua dole gumba anatoka wa mwisho, kofia yake mkononi, hamtazami mtu.

Redio anarudi hadi mlangoni, anageuka. "Nami nilisema humu kuna mgonjwa," anasema kwa sauti ndogo sana, na hiyo ni mara ya kwanza mtaa mzima kuwa na habari ambayo Redio hakuitangaza siku hiyo hiyo.

Mama Shuka amevua mavazi meupe. Nywele zimemganda kichwani kwa jasho. Anatoa uzi mfukoni, anaushika juu pale kichwa cha kitanda kilipoishia, anauachia ushuke hadi sakafuni. Anapiga goti. Anafunga fundo. Anavuta kuhakikisha, kisha anafunga lingine juu yake.

Kesho, anasema, ataupeleka kwa fundi wa vyuma. Fundi amesema kazi itachukua muda, kuna mageti ya watu mbele yake. Anataka kitanda kikae ukutani pale pale palipo na alama ya mgongo wa mama yake, kichwa kikielekea dirisha. Atanunua shuka jeupe. Ataacha ule mchezo wa mikono hewani, au labda ataendelea nao, kwa mazoea.

Hayo ni ya kesho. Leo bado kuna kazi moja. Zoezi likiisha, wodi inavuliwa, inaoshwa, inatandikwa, karatasi inapimwa mlangoni, na kabla jua halijazama sista mkuu anapiga simu makao makuu kusema wodi iko tayari, vitanda sita. Haipiti jioni bila simu hiyo. Mama Shuka ndiye huwa anawahimiza wengine wakizembea. Mgeni anaweza kuja usiku wa zoezi kama usiku mwingine wowote.

Vitanda vitano vimeshatandikwa. Mwanga wa kwenye vioo umegeuka rangi ya chai. Sista mkuu amesimama kwenye korido, simu sikioni, inaita.

Mama Shuka anasogea karibu naye. Ameushika uzi wake kwa mikono miwili.

"Sista." Anaelekeza kidevu kitanda cha dirishani. "Mtu mwingine angekuomba hivi, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumkatalia. Unanijua. Lakini hajalala kitandani tangu mvua za mwaka juzi. Sema vitano. Mpaka asubuhi tu. Asubuhi nitakivua mwenyewe, na utasema sita."

Simu inapokelewa. Sauti ya mwanamume inasikika hadi kwenye korido, ya mtu aliyechoka, mwenye kalamu mkononi.

"Haloo? Vitanda vingapi?"

Sista mkuu anatazama kupitia kioo. Chini ya mlango, kipande cha karatasi kilichosahauliwa kimelala kuelekea ndani, kinatikisika kidogo, kinatulia.

"Haloo, sista? Nasema, vingapi?"